Picha ya Goti la Mama

Mushaki, 14/3/1954

Kaka yangu mpendwa Marcellin, mwalimu huko Walikale,

Pokea salamu kutoka mlimani, ambako baridi bado inatuuma masikio. Je, u mzima? Ile homa ya Januari imekuacha? Sisi tu wazima, isipokuwa goti la mama, ambalo limetuletea mambo.

Barua yako ilisomwa mara tatu, ya tatu na Papa, aliyeishika juu chini. Tumeelewa. Papa Edmond wa Ntoto, huko kwenu, hatakupa binti yake Élisabeth kabla hajaona wazazi wako ama picha yao, maana mtu wa milimani asiye na jamaa huenda alikimbia kwao. Papa wetu alitaka aende yeye na Mama. Mama akashika goti. Goti halifiki hata mtoni, sembuse Ntoto. Basi tukamwita Isidore, mpiga picha wa Sake.

Isidore alikuja na sanduku lake la miguu mitatu na kitambaa kikubwa kilichochorwa ngazi za mawe na mitende. Mama alikikataa palepale.

"Papa Edmond akiona ngazi ile, ataongeza mbuzi wa mahari. Piga mulima wetu na nyungu zangu, njo sisi wenyewe."

Unavijua vyungu vyake, na ile mistari ya shingoni anayoichora kwa kufuata migongo ya vilima, toka hapa hadi Muheto. Alivipanga mbele kumi na viwili, vibichi, vikiendelea kukauka. Nyuma milima. Katikati yeye na Papa, aliyevaa koti lako la zamani linalombana hata hawezi kuketi.

Isidore alibakiwa na kioo kimoja tu cha picha, vingine vilikwisha kwenye harusi. "Mama, usitikisike, hata inzi akikaa pa pua." Akaingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi. Hapohapo ukungu ukaanza kushuka mlimani na manyunyu yake. Chungu kibichi kikilowa kinarudi kuwa udongo, na hakuna mfinyanzi wa kwetu anayeweza kusimama akiutazama ukungu ukija. Mama wa goti aliruka safu nzima ya vyungu, akakimbilia majani ya migomba, akavifunika vyote. Papa hakutikisika, na Isidore akapiga hapohapo.

Picha iko humu ndani ya bahasha. Vyungu vimetoka vizuri sana. Papa ametoka kama nguzo ya ua. Milima haipo. Mama ni wingu jeupe lenye mguu mmoja, na mguu wenyewe uko hewani, goti limekunjwa kama la msichana.

Papa aliitazama muda mrefu. "Goti njo hii? Basi tunaenda Ntoto."

Baadaye, Mama akijitoa udongo kwenye kucha, aliniambia ukweli. "Kule iko pori pande zote, hakuna mulima. Nitajua namna gani mvua inatokea wapi? Watu watanicheka, na mutoto wangu atasikia haya." Nilihuzunika, kaka, kwa sababu nilikuwa nimemcheka mchana kutwa.

Lakini amekubali. Watafika na lori la maharagwe juma moja kabla ya Pasaka. Atakuja amepakata chungu kimoja mapajani, chenye vilima vyote shingoni, ili asipotee. Umpokee wewe mwenyewe, usitume mwanafunzi. Na usimuulize habari za goti.

Shangazi Emérita anakusalimu na anauliza kama huko mnakula vizuri. Mfikishie Élisabeth salamu zangu, mwambie namngoja niwe na dada.

Picha mwonyeshe Papa Edmond mapema. Akiuliza mama yuko wapi, mwambie ameruka, yuko njiani anakuja.

Mungu akutunze na alishike lile lori kwenye makona.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye hata ukichelewa kujibu,

Victorine