Nadhiri kwa Mchuzi wa Haradali

Kolkata,
tarehe 9 ya mwezi wa Bhadro

Dada yangu mpendwa Sarojbala,

Huku nilipo nainama, nagusa miguu yako na kujipaka vumbi lake kichwani. Natumaini goti la kushoto limepoa tangu mvua zipungue, ng'ombe amezaa salama, na paa la jikoni halivuji tena juu ya mtungi wa mchele. Jicho nalo linaendeleaje? Daktari wa huku amethibitisha kwamba atalipasua tarehe ishirini, na binamu yetu Tarak ameahidi kukuleta kwa treni ya asubuhi. Nawe Minoti, jirani mwema unayemsomea Dada barua hii, pokea baraka zangu pamoja na mumeo. Soma polepole, wala usiruke aya yoyote, hata ukishikwa na kicheko.

Mimi ni mzima. Kifurushi kimefika salama: bisi za mchele, kashata za nazi na chupa ya samli. Afya ninayo, tena ya kupita kiasi, kwani imenilazimu kuutoboa mkanda wangu matundu mawili mapya. Najua kwamba hapo utamwambia Minoti arudie. Utauliza inakuwaje mtu anayekula wali wa kuchemsha kwa samli mara moja kwa siku, kama nilivyokuandikia katika barua kumi na moja, anenepe namna hiyo. Swali lako ni la haki. Barua hii ndiyo jibu, nami nitalitoa kwa utaratibu, maana nikianzia mwisho utaitia motoni.

Unakumbuka masharti uliyonipa nilipostaafu kufundisha hesabu na kutangaza kwamba, nikiwa na miaka sitini na miwili, nakwenda chuo kikuu kusoma historia. Hukuyapinga masomo. Ulinifungia jiko la mafuta ya taa, ukaniagiza nijipikie mwenyewe, nisiguse kitunguu wala saumu. Kuhusu samaki hukusema neno, maana hapakuwa na haja. Nadhiri yangu ya miaka arobaini inajulikana hadi kwa wachukuzi wa kituo cha treni.

Jiko lilidumu siku tisa. Siku ya kumi lilishika pazia, na pazia likashika chandarua cha bwana wa kitanda cha pili katika chumba nilichopanga, naye alikuwa ndani yake. Alitoka mzima, nyusi tu ndizo zilizopungua. Mwenye nyumba, mtu mpole sana, alisema kwamba hana ugomvi na chakula changu wala na nadhiri yangu, ila jiko litoke leo hii. Nikaishi juma zima kwa bisi na kashata zako. Darasani tumbo langu likawa linayajibu maswali ya mwalimu kabla yangu.

Hapo ndipo wenzangu wawili waliponikamata. Rupsha ni binti wa Howrah, na ulimi wake haupumziki. Aftab ni kijana wa Khidirpur, mtoto wa fundi cherehani, naye anazijua sufuria za mji huu kama nilivyokuwa nikilijua jedwali la kuzidisha. Wananiita Babu. Mwanzoni niliwakumbusha kwamba sisi sote ni wanafunzi wa mwaka mmoja. Rupsha akajibu kwamba ni kweli kabisa, basi nimwazime daftari kama mwanafunzi mwenzake, na yeye aendelee kuniita Babu.

Mwalimu wetu alitoa kazi: kila kundi la watu watatu liandike historia ya mji kwa kuyafuata majiko yake, yale ambayo mwanafunzi anayamudu. Nilikubali kwa sharti kwamba wao wale, mimi niandike.

Tulianza alfajiri katika soko la Tiretta, ambako Wachina wa mji huu huuza supu na mikate ya mvuke kabla jua halijapanda. Nilisimama na mwavuli na daftari mbele ya meza ya bibi mmoja, nikamwuliza ukoo wake umekuwa ukipika hapo tangu lini. Alinitazama miwani, akautazama mwavuli, akalitazama daftari, kisha akasema kwa Kibengali kilichonyooka kuliko changu: "Mzee, kama umetumwa na manispaa, leseni ile pale ukutani. Kama umetoka nyumbani kwako, kaa ule." Nilipomwambia sili, aliwageukia vijana akawauliza kwa huruma kama nimefiwa.

Jioni ya siku ya pili Rupsha alinipeleka kwa muuza fuchka. Alisema hapa sina udhuru: viazi, dengu na maji ya ukwaju, hakuna kitunguu, hakuna dhambi. Wewe unajua jinsi inavyoliwa. Muuzaji hukitoboa kile kijimkate chembamba kama ganda la yai kwa kidole gumba, hukijaza, hukuwekea katika kikombe chako cha jani, na hapo lazima kiingie kinywani kizima na upesi, kwa sababu cha pili kimekwisha kuja. Mimi nilikishika kwanza ili niandike kipenyo chake. Kilipasukia mkononi, ukwaju ukashuka hadi kwenye kiwiko, na muuzaji akanipigia kelele mbele ya foleni nzima: "Babu, huu si mtihani! Hapa hakuna muda wa kufikiri!" Niliitia kalamu mfukoni. Nilikula kumi na vinne, kisha nikasimama imara kudai kile kikavu cha mwisho cha bure, ambacho ni haki ya kila mteja.

Baada ya hapo mteremko ulikuwa mkali. Muuza chapati za kukunja aliposikia nataka ya yai isiyo na kitunguu, aliusimamisha mwiko hewani. "Bila kitunguu, mjomba? Hiyo ni chapati iliyovaa karatasi tu. Kaile kwako." Watu walikuwa wakisubiri nyuma yangu, nami nikaona haya. Nilikula yenye kitunguu. Huko Khidirpur mama yake Aftab alinipakulia biriani yenye kiazi kizima, kama ilivyo desturi ya mji huu. Niliiacha nyama, nikala kiazi peke yake. Sisemi kwamba kiazi hicho hakikujua kilikuwa kimelala na nani sufuriani.

Wakati wote huo nilikuwa nikikuandikia kuhusu wali wa kuchemsha na samli. Samli angalau ilikuwa ya kweli. Nilimpa yule bwana wa nyusi.

Sasa nafika kwenye hoteli ya Gobindo. Ni chumba cha mabenchi chenye meza za mawe, na chakula huwekwa juu ya jani la mgomba. Gobindo ni mtu wa umri wangu, na hajawahi kuiandika orodha ya vyakula tangu azaliwe. Husimama mbele yako akawakariri samaki wote wa siku hiyo kwa pumzi moja, kama kuhani aliyechelewa kwenye arusi ya pili. Nilipomwambia sili samaki, aliweka mkono kifuani akaniuliza kwa sauti ya chini ni daktari gani aliyenifanyia hivyo. Nikaagiza ua la mgomba lililopikwa kwa nazi, kama unavyolipika wewe. Dada, tangu lini mtu wa kwetu akauliza ndani ya ua la mgomba mna nini? Kwetu mna nazi na dengu. Nililila fungu zima, kisha nikatangaza mbele ya watu kwamba mpishi huyu ametia kitu ambacho hata Dada yangu hajakigundua.

Gobindo alijivuna. "Uduvi, bwana wangu! Ua la mgomba bila uduvi ni chakula cha wagonjwa."

Rupsha aliziba mdomo kwa mikono miwili. Aftab, ambaye ana moyo mzuri, alijitolea kuwa wakili wangu. Alisema uduvi si samaki, ni mdudu. Hana magamba, hana mwiba, kila mtu anajua. Kwa hiyo nadhiri ya Babu ni salama salimini. Bwana mmoja wa meza ya pili, ambaye hakuna aliyemwita, akamwuliza tangu lini wadudu wakauzwa kwenye soko la samaki. Mwingine akasema kamba na uduvi ni wadudu, na mama yake, Mungu amlaze pema, alisema hivyo hivyo. "Mama yako alikuwa akila wadudu, basi!" akajibiwa. Hoteli nzima ikagawanyika pande mbili, na hapakuwa na mtu anayenitazama tena. Katika kelele hizo nilifanya jambo lisilo na utetezi wowote. Nilimwita Gobindo kwa kidole nikamwomba fungu la pili.

Mvua zilipoleta samaki wa ilishi, tulirudi. Nilimla ilishi kwa mchuzi wa haradali, kipande cha tumbo chenye mayai, na Rupsha akanipiga picha. Picha hiyo, haradali ikiwa kwenye masharubu, imechapishwa katika jarida la idara, maana kazi yetu imeshika nafasi ya kwanza. Rupsha, kwa wema wake, amekutumia nakala kwa posta ili dada yake Babu afurahi. Ameniambia jana. Ndiyo sababu barua hii imekwenda kwa posta ya haraka. Minoti, ikiwa jarida limetangulia, likalie mpaka umalize kusoma.

Lakini kosa langu kubwa si ilishi, Dada. Hapa Minoti apandishe sauti, na kama kuna majirani ukumbini wasogee wasikie, kwa sababu jambo hili lilianzia uani mbele ya watu.

Siku uliyorudi nyumbani ukiwa mjane wa miaka ishirini na sita, wazee walikaa wakavitaja vitu ambavyo, kwa desturi yetu ya wajane, havitaingia tena kinywani mwako. Mimi, kijana wa miaka ishirini na miwili, nilisimama nikasema kwamba maadamu samaki haingii kinywani mwa dada yangu, hataingia kinywani mwangu pia. Baba mdogo alilia. Kijiji kilinisifu, na hadi leo kinanisifu.

Ukweli ni huu. Nilipokuwa na miaka saba nilikwamwa na mwiba wa samaki. Bibi alinimezesha matonge makavu ya wali, na yalipokosa kusaidia akanipeleka kwa paka wetu, nikamgusa miguu na kumwomba msamaha, kama wafanyavyo kwetu wote waliokwamwa. Tangu siku hiyo sikula samaki ila wewe uliponichambulia miiba, kila siku, na chakula chako kikipoa. Ukaolewa, ukaenda zako, na hapakuwa na mwingine wa kunichambulia. Siku nilipoapa uani, nilikuwa sijaonja samaki miaka saba. Niliapa kukiacha kitu ambacho woga ulikuwa umekwisha kunifanya nikiache. Mama alijua. Alinitazama kutoka mlango wa jikoni, kisha akarudi ndani.

Laiti ningeishia hapo. Baada ya ile homa yako ya matumbo, Daktari Nibaran alisema, mbele ya wazee wale wale, kwamba ule samaki mpaka damu irudi. Wazee hawakukataa. Wewe ulinigeukia mimi. Nami, badala ya kukuuliza unataka nini, nilikushika mkono nikasema kwa sauti ya watu wote: "Usihofu, Dada, sitakuacha peke yako." Uliinamisha macho ukaomba dengu. Ungekulaje, na ndugu yako amesifiwa kwa ajili ya kutokula kwako? Wazee walifunga mlango, lakini mimi ndiye niliyekaa mbele yake miaka arobaini, nikipongezwa kwa kukaa. Nyumba nzima ilijua kwamba wewe ndiwe uliyekuwa ukiiba mayai ya samaki jikoni ulipokuwa msichana. Nililikumbuka hilo nilipokuwa na yale mayai ya ilishi kinywani.

Basi nadhiri nimeivunja, tena kwa ushahidi wa picha. Haikufungi tena. Sikwambii ule. Nimeona aibu vya kutosha kwa kukuamulia. Nakuuliza, kama nilivyopaswa kukuuliza siku ile: Dada, unataka nini? Nimemwambia Gobindo atuwekee nafasi mbili pembeni wiki moja baada ya bandeji kutolewa. Ukitaka ua la mgomba bila uduvi, amekubali kulipika, ingawa ameniomba nisimtangazie mtu. Nitakula utakachokula. Ukinikasirikia, unikasirikie huku huku mezani.

Nina ombi moja tu, nalo linahusu jicho. Fuata maagizo yote ya daktari, usilisugue, usilipeleke kwenye moshi. Ilishi ana miiba kuliko samaki yeyote aliyeumbwa. Yule niliyemla alichambuliwa na Gobindo, akinung'unika tangu mwanzo hadi mwisho kwamba katika miaka thelathini ya kazi hajapata kumlisha mtoto mchanga mwenye masharubu, na kwamba siku nyingine nije na mtu wangu. Nimemwambia mtu wangu anakuja tarehe ishirini.

Nisalimie Tarak, ng'ombe na ndama wake, na majirani wote waliokuwa wakisikiliza. Minoti, ahsante, sasa unaweza kulitoa jarida. Naigusa tena miguu yako.

Mdogo wako mkosefu,
Shibnarayan, yaani Potla wako