Kidonge Baada ya Chai

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila kukuamkia utasema hukunifunza adabu.

Leo ni Jumanne, siku ya kliniki ya presha, na umekuja tena. Umekaa palepale, benchi la dirishani, baibui umelikusanya magotini. Nilimfunga mgonjwa wa kwanza mkanda wa mashine, na hewa ilipoanza kutoka nikakusikia ukiuliza, "Tayari?" kama ulivyouliza kila mwezi kwa miaka minne. Yule mama aliyekuwa mbele yangu hakuwa amefungua mdomo. Ilibidi nimpime upya, maana namba zilikuwa zimenipotea.

Ulikuwa mgonjwa wangu mtukutu kuliko wote. Mtu akija kupimwa tunamtaka atulie kwanza dakika tano, miguu chini, mgongo umeegemea, kimya. Wewe dakika tano hizo ulizitumia kusalimia benchi zima.

"Mama, usiongee, presha itapanda."

"Itapanda kwa kumuuliza mtu hali ya wajukuu?" Wenzako wakacheka, nami nikajikaza nisicheke. Mkanda ulipokaza ukaniambia, "Mashine yako hii yabana kama wifi mbaya."

Dawa ya kwanza nilikupa mimi mwenyewe, pale kliniki, kwa sauti ileile ninayowapa wengine: kidonge kimoja kila siku, asubuhi, baada ya chai. Wauguzi tunafundishwa tusimwachie mgonjwa aondoke kabla hajarudia maelekezo kwa mdomo wake. Ukarudia. "Kimoja, asubuhi, baada ya chai." Nilijisifu moyoni. Na ukweli ni kwamba dawa ile haikuhitaji chai hata kidogo. Niliitia chai ili usisahau, maana nyumbani kwetu Nguvumali mtu angeweza kusahau jina lake, si chai ya tangawizi.

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia niliwatangazia wagonjwa wote kwamba dawa ihamie kwenye daku. Iddi ilipopita nikatangaza tena: sasa rudini kwenye chai. Ukarudi kwenye chai, Mama. Kila nilichosema ulikifanya.

Lakini presha yako haikutulia. Mwezi huu nzuri, mwezi ujao iko juu, na mimi nikaikamata chumvi. Nilikusema mbele ya watu kuhusu ng'onda wako. Samaki mkavu yule aliyejaa chumvi ulimpenda tangu usichana wako, na mimi nikakwambia huyo ndiye atakayekumaliza. Hukubishana. Jioni ileile ulimpa jirani yako, Bi Zuhura, fungu zima. Nilipokuja Jumapili nikakukuta unakula bada, ule ugali wetu wa muhogo, na mchuzi wa samaki usiotiwa chumvi, unatafuna taratibu huku unatazama ukuta. "Hauna ladha," ulisema, "ila weye ndiye ujuaye." Nilifurahi. Naona haya kuandika hivi, lakini siku ile nilifurahi sana.

Kwenye kadi ya kliniki kuna mahali pa kuandika kama mgonjwa anatumia dawa alivyoelekezwa. Wengine niliwauliza, tena wengine niliwabana mpaka wakakasirika. Wewe sikukuuliza hata siku moja. Ningemhoji vipi mama yangu mzazi kama mtoto aliyetumwa dukani akachelewa? Kila mwezi nikaandika "Ndiyo" kwa hati nzuri, nikakupa kadi yako, ukanishukuru.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa Shaabani, alasiri. Ulikuwa umefunga. Kaka Athumani alinipigia simu kazini: mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki, tambi za futari zimemwagika sakafuni nawe unajaribu kuziokota kwa mkono wa kushoto. Kiharusi hakikukupa nafasi. Siku ya tatu ulituacha.

Siku tulipogawa nguo zako niliona lile bati lako la udi chini ya kanga. Nikalifungua nikitegemea harufu yako. Ndani mlikuwa na vidonge, Mama. Vimejaa mpaka juu, vyote ni vile nilivyokupa mimi.

Bi Zuhura alikuwa kando yangu akikunja doti. Akachungulia, akatabasamu kabisa. "Aa, hizo za siku za funga. Mamaako akisema siku haina chai haina kidonge, ndivyo alivyoambiwa na mwanawe. Akiziweka akurejeshee, wapewe wasopata."

Alisema kwa kukusifu, na mimi nikalifunga bati. Jumatatu na Alhamisi za mwaka mzima. Rajabu karibu yote. Shaabani. Nilijua unafunga, mtaa mzima ulijua, na tende za kufuturia nilikuwa nakuletea mimi. Nilikuwa na tende mkono mmoja na kadi yako mkono wa pili, na akili yangu haikuviweka pamoja. Ng'onda wa watu nikamtwisha kosa langu.

Sikumwambia mtu. Athumani mpaka leo husema mbele za watu, "Mama alikuwa na muuguzi wake mwenyewe. Dada alijitahidi, siku zilifika tu." Nami nainamisha kichwa napokea pole. Siku zilifika, sawa, hilo ni la Mungu na sibishani naye. Lakini "Ndiyo" zile kwenye kadi niliziandika mimi.

Sasa siwaulizi tena wagonjwa kama wanakunywa dawa. Nawaambia, hebu nisimulie jana, tangu ulipoamka mpaka ulipolala. Leo alikuja mama mmoja wa Mkwaja, rika lako, amefikia kwa binti yake huku Usagara. Nilipomwambia anisimulie, binti akamjibia.

"Anakunywa vizuri, nesi. Namsimamia mwenyewe."

Nikamwambia atoke nje. Nilimwambia kwa ukali, akashangaa, na kusema kweli hata mimi nilishangaa. Mlango ulipofungwa nikamwamkia upya yule mama, nikamuuliza tena habari ya jana. Alitazama mlango kwanza.

"Jana nilifunga, mwanangu."

"Na dawa?"

"Si nimeambiwa asubuhi, nikishakula?"

Nikatazama benchi la dirishani, nawe ulikuwa unanitazama. Hujawahi kuja umekasirika, Mama, na hilo ndilo linalonitesa. Ungenitolea macho ningepumua. Lakini unakaa pale na uso wa mwanafunzi aliyepata jibu, unasubiri nikwambie vizuri.

Nikamshika mkono yule mama. Nikamwambia kidonge ni cha kila siku anayoijalia Mungu, ya kufunga na ya kula. Akifunga, akinywe na daku, na kabla ya kuanza mfungo wowote aje tuzungumze. Akarudia. Safari hii sikutosheka na kurudia.

"Na siku ambayo huna daku, huna chai, huna kitu chochote?"

Alifikiri kidogo. "Nitakunywa na maji."

Nikaandika kwenye kadi yake, kisha nikamwita binti nikamtaka radhi.

Bati lako ninalo. Siwezi kulitupa, na siwezi kulifungua. Siku nyingine chumba changu kinanukia udi na sijachoma udi. Nimeandika barua hii waziwazi ili Athumani aisome, kwa sababu mdomo wangu umekataa. Kaka, ukisoma mpaka hapa usinipigie simu. Njoo tukae, uniulize unachotaka, na mimi safari hii nitajibu.

Na wewe, Mama, Jumanne ijayo njoo tena. Mahali pako pa dirishani hapakaliwi na mtu, sijui wagonjwa wanaona nini. Msibani watu walikusifu kwamba umeacha binti mtiifu. Nilisikia. Mungu akulaze pema, akusamehe, anisamehe na mimi.

Ni mimi mwanao,
uliyemtii.