Masaa Tisa ya Mama

Nyumbani,
Jumapili jioni.

Mpendwa mdogo wangu, Kitinda Mimba wetu,

Hujambo? Shemeji yangu hajambo? Na huyo mgeni wa tumboni, bado anakupiga mateke au amekuhurumia? Sisi tunajikongoja. Nakuandikia miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya vuguvugu, maana wiki nzima nimesimama kule hotelini nikipiga pasi mashuka ya watu waliokwisha lala. Nimechoka, mdogo wangu, hadi kope zinauma.

Habari kubwa ni hii safari ya Mama kuja kukupokelea mtoto. Daktari hakukataa. Alisema miguu yake huvimba akikaa sana na damu inaweza kuganda, basi ndani ya ndege awe anainuka kila baada ya muda, atembee, anywe maji mengi. Kaka yetu, unamjua fundi mageti yule haishiwi vituko, akasema kilomita elfu saba na ushei, masaa tisa hewani, si mchezo, tumjaribu kwanza hapa hapa sebuleni.

Basi leo asubuhi alimkalisha Mama dirishani, magoti yakigusa kabati, na wifi akakaa pembeni kama abiria jirani. Kaka akamfunga Mama kwa mshipi wake wa suruali, akatangaza kwa sauti ya puani kwamba rubani ni yeye, asiyeomba Mungu aanze sasa. Tulicheka. Mama hakucheka. Alikuwa amevaa viatu ulivyomletea, mkoba mapajani.

Muda wa kuinuka ulipofika nikamwambia, "Mama, nyoosha miguu."

"Nitampitaje huyu? Mtu amelala."

Kweli wifi alikuwa anakoroma. Nikampa maji, akalowesha midomo tu. "Nikinywa nitataka kwenda msalani, niwasumbue watu."

"Mama, huyu si mkweo tu?"

"Leo ni mkwe. Siku yenyewe atakuwa mtu na heshima zake."

Hakuinuka. Tulipika, tukala, tukaosha vyombo, na rubani mwenyewe akapitiwa na usingizi kwenye kochi. Mama alikaa wima masaa yote tisa. Tulipomfungua mshipi, viatu viligoma kutoka. Kaka alikata kamba zake kwa kisu, taratibu, bila utani hata mmoja. Mama akatabasamu: "Mmeona? Nimefika, na sijamsumbua mtu."

Nilijikaza nisilie. Sasa anamhimiza kaka akakate tiketi kesho. Mimi sina ulimi wa kumwambia asiende. Akisikia kwangu atadhani nakuonea kijicho. Barua hii naipiga picha nikutumie kwa simu usiku huu huu; mwambie wewe, tena upige simu kabla hatujamaliza kubishana. Mwambie mtoto akipata nguvu utamleta mwenyewe. Usimtaje daktari, sema tu umetamani nyumbani. Najua una kazi, najua nauli si kidogo. Lakini masaa ya kuja huku ni yale yale tisa, na wewe unaweza kumwamsha jirani.

Msalimie sana shemeji. Kaka anakusalimu, na wifi naye, ila anaomba radhi kwa usingizi wake. Mungu akufungue salama, wewe na mwanao, na atuonyeshe sura yake.

Naishia hapa. Maji yangu yamepoa. Acha nikapashe mengine, Mama anahitaji beseni.

Wako akupendaye hata akiwa hoi,
Dada Mkubwa