Namba 311 na Macho ya Bibi

Jumamosi, Kanoni. Mvua tangu asubuhi, kahawa haikuanikwa, na mimi nimepata kisingizio cha kukaa ndani na kompyuta yangu kuukuu.

Kesho jumuiya inasali kwetu. Huku mkubwa wa nyumba ndiye anayesoma neno, na mkubwa wetu ni Bibi. Ila macho yake hayaoni tena maandishi ya Biblia, hata kwa miwani. Jana aliniambia nisome mimi, yeye atakuwa jikoni anamenya ndizi. Alisema kama utani. Mimi iliniuma.

Nikawaza: somo, yaani zaburi ya kesho, nitaliandika kwenye kompyuta, alisome kwenye kioo chake kikubwa.

Basi nikiwasha, nembo inatokea, halafu giza. Nazima, nawasha tena. Nembo, giza. Bibi akapaza sauti kwamba umeme umekatika. Umeme ulikuwepo, jamani! Na kama kioo ni kibovu, nembo imeonekanaje?

Nikapekua mtandaoni kwa simu. Kumbe programu inayoendesha kioo ikishika zamu, inachagua yenyewe ukubwa wa picha, na kioo changu cha zamani hakiuwezi. Dawa ni kuongeza maneno haya kwenye mstari wa kuwashia, kabla mfumo haujaamka: nomodeset vga=ask. Yaani usijichagulie, uliza kwanza. Nikaandika, na ikauliza kweli! Zikashuka namba, kila moja na ukubwa wake wa picha: 311, 314, 317. Mbona zinarukaruka? Nani alizipanga? Sijui bado, na swali hilo linanitekenya mpaka sasa.

Nikachagua 317, picha kubwa kuliko zote. Kioo kikawaka. Nikafungua somo: herufi nyembamba, safi, nzuri ajabu. Nikamwita Bibi kwa mbwembwe. Akaja na kahawa za kutafuna kiganjani, akanigawia, akakitazama kioo, akasema ni kizuri. Kisha akageuka kurudi jikoni.

Hakuona hata neno moja.

Mashine imeniuliza mimi, na mimi sikumuuliza mwenye macho yatakayosoma. Akili gani hii?

Nikamfuata, nikamshika mkono, nikamketisha. Nikawasha upya kwa 314. Akatikisa kichwa. Nikajaribu 311, ile ndogo niliyoidharau. Kumbe picha ikiwa na nukta chache, kila herufi inanenepa! Zilikuwa na kingo mbaya, nene kama ndizi za kuchoma. Bibi akasogea mbele. Midomo ikaanza kucheza, kisha sauti ikatoka, polepole, mstari kwa mstari, mpaka zaburi ikaisha. Nilisimama nyuma yake nikishindwa kutafuna kahawa yangu.

"Acha hapo hapo, mwanangu," akasema. "Usiguse tena."

Nimeiandika 311 kwenye mstari wa kuwashia, iwe ya kudumu. Yeye ameshatoa kitenge chake cha jumuiya sandukuni.

Kesho ndizi nitamenya mimi.