Dada Amerudi Kunyonyesha

Mtwara, Jumamosi, Machi 2007

Mvua imekatika asubuhi, sasa jua linachoma. Naandika nikiwa kwenye intaneti kafe ya Chikongola, mtoto mgongoni, amelala. Wateja wananitazama. Watazame.

Niseme wazi: mimi sikutaka mtoto. Si huyu, si mwingine yeyote. Nina kazi yangu, chumba changu hapa hapa mjini, Magomeni, na usingizi wangu naupenda mno. Aliyetaka mtoto ni dada yangu Somoe, akafa kule kijijini Kitaya akimzaa.

Kwetu mama akifa hivyo, mdogo wake humbeba mtoto, husimama kaburini na kumwambia marehemu, "Huyu sasa ni wangu." Ndipo marehemu huondoka. Mimi nilikataa. Nisimame mbele ya watu niseme uongo? Bibi akanipakatisha mtoto kwa nguvu, nikarudi naye mjini nimenuna.

Tangu hapo mtoto hagusi chupa. Maziwa ya kopo yanachacha mezani, naye ananenepa. Ila mwili wake unazidi kuwa wa baridi.

Juzi nilimpigia bibi simu.

"Mama yake anamnyonyesha," alisema, wala hakushtuka. "Kaburini hukusema kitu, mjukuu wangu, kwa hiyo anajua mtoto bado ni wake. Mtoto akiendelea kunywa hayo maziwa, atamfuata mama yake."

Leo mchana nimetoka uani kuanua nguo. Kurudi ndani, Somoe amekaa kitandani kwangu, sanda imelowa udongo, mtoto kifuani.

Niliogopa. Sidanganyi.

Halafu nikamwona mtoto amekuwa rangi ya majivu, nikapandwa na hasira. Tangu utotoni dada alikuwa ananinyang'anya vitu, nami namwachia. Huyu hapana.

"Dada, nipe," nikasema. "Huyu sasa ni wangu."

Akaniangalia weee. "Humtaki."

"Simtaki. Lakini ni wangu."

Akamtoa kwenye ziwa, akanikabidhi. Mtoto alikuwa wa baridi kama samaki wa kwenye barafu. Nikambana kifuani mpaka akalia, kilio kikubwa cha njaa, na mimi nikalia kwa furaha, nikajishangaa.

Dada alishafika mlangoni. Akageuka, akasema kwa upole kabisa, "Ukimchoka, niite."

Kabla ya kuja hapa mtoto amemaliza chupa nzima.

Nitamchoka, najijua. Pengine hata kesho asubuhi.

Lakini simwiti.