Pasaka ya Joyceline

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
8 Machi 2026

Mpendwa mdogo wangu Euphrasia,

Shikamoo yako ya juzi kwenye simu niliipokea kwa ukali, sasa naiitikia vizuri: marahaba. Mguu unaendeleaje? Mfupa umeanza kuunga? Sisi wazima, ila joto la Kariakoo unalijua.

Duka linakwenda. Vitenge vya Pasaka kwangu vinaisha kabla ya vya majirani, maana mteja akishanisikia mimi hatoki mikono mitupu.

Euphrasia, nina wivu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningegomba tena. Joyceline alipopata chuo cha uuguzi huko Songea nilikuomba umpe chumba, sikukuomba umfanye wako. Sasa kila wiki anaweka picha yako kwenye status: mama mdogo kacheka, mama mdogo kapika. Yangu kaweka mara moja, tena nimefumba macho! Jirani yangu Tatu wa duka la pili ananitania, "Mama Joy, mtoto umeporwa mchana kweupe."

Halafu anasema Pasaka haji, anabaki kukuuguza. Na mimi nimeshatangazia mtaa mzima kwamba nesi wangu anakuja, wa kwanza darasani, akili za mama yake, ingawa mimi niliishia la saba. Nikakataa. Nikasema aje.

Jana kwenye jumuiya tuliwakumbuka Watakatifu Perpetua na Felisita. Katekista Melkiori akatusimulia: Felisita alikuwa mtumwa, Mwafrika wa kule kaskazini zamani hizo. Alijifungua binti gerezani, na siku chache baadaye akauawa kwa kuwa hakumkana Kristo. Mtoto akachukuliwa na dada mmoja Mkristo, akamlea kama wa kumzaa.

Nikauliza, "Huyo dada aliitwa nani?"

"Jina lake halikuandikwa, Mama Joy."

Rozari sikuimaliza. Mwenzetu alimwachia mwingine mtoto moja kwa moja, na yule akalea bila hata kutajwa. Mimi nakunyima wiki mbili za likizo yake, wakati wewe hata maji ya kunywa huwezi kujichotea.

Basi abaki. Akuogeshe, akupikie. Ila asubuhi ya Pasaka anipigie mimi kwanza, kabla hajakuwekea chai.

Shemeji yako Robert anakusalimu sana. Mwanao Bryson akipiga simu toka jeshini, mpe salamu zangu. Mungu auunge huo mfupa upesi, usimame mwenyewe.

Ni mimi dada yako, nakupenda hata nikinuna,

Candida