Nimbandike Beji Ijumaa, au Nisimbandike?

...basi Mpendwa Shangazi, naendelea pale biskuti za kwenye oveni ziliponikatisha jana, naomba msaada wako kweli, maana nilikuwa ndio nimefika kwenye beji. Si unajua askari akiapishwa mkewe ndiye anayembandika beji kifuani, sasa mimi Curt wangu nimembandika zote, ya uaskari, ya usajini, ya uluteni, mpaka hii ya mkuu wa polisi wa hapa Holm Lake, na kila mara najichoma kidole kwa pini, watu wanacheka, tunapigwa picha, halafu nikirudi nyumbani kuna mtu mwingine ambaye hanipigii simu tena.

Mimi ni mtu wa maneno Shangazi, sikufichi, shule niliiacha njiani lakini habari za watu sijawahi kufeli. Curt alipokuwa askari wa kawaida jikoni kwangu kahawa haipoi, huyu anatoka yule anaingia. Alipopata usajini akamwandikia kaka yangu Lyle faini ya mwendo kasi, tena sikukuu ya Shukrani, bata mzinga yuko mezani, Lyle anaingia na karatasi mkononi ananiambia, "Dada, mwambie mumeo asante kwa zawadi," akageuza gari na wanawe nyuma, na mpaka leo sikukuu tunakula wawili na mbwa. Alipopata uluteni akaanza kurudi na gari la polisi, linalala hapo uani, sasa wewe niambie, nani atakuja kupiga umbea nyumba ambayo gari la polisi limekaa mlangoni? Alipokuwa mkuu ndio basi tena, nikiingia saluni maneno yanakatika kama redio iliyochomolewa, hata Marlys ambaye tumekua naye ananiuliza habari za theluji. Theluji! Mwanamke anayejua nani kalala wapi kaunti nzima! Siku hizi umbea nampigia mbwa, naye anasinzia katikati.

Basi mwaka huu Curt akasimama kanisani, kule ukumbi wa chini tunakokulaga chapati za maji baada ya ibada, akatangaza kwamba anastaafu. Wiki haijaisha, Marlys huyo kwenye simu: "We Renae, eti mzee anavua beji kweli?"

"Anavua."

"Basi Jumanne njoo tucheze karata, na huo mdomo wako usiuache nyumbani."

Shangazi, nilienda na bakuli langu la viazi na nyama ya kusaga, likarudi limelambwa, wakanimwagia yote niliyokosa miaka hiyo yote, nani kaachika, nani kapaka nywele rangi kwa ajili ya nani, nilicheka mpaka nilipofika kwenye gari nikalia, sijui hata nalia nini.

Sasa Jumapili hii tunaosha vyombo, Curt anafuta sahani, ananiambia, "Brandvold wananitaka."

"Wanakutakia nini?"

"Ukuu wa polisi. Mji mkubwa ule, Renae."

"Na kustaafu je?"

"Kuapishwa ni Ijumaa. Utanibandika?"

"Nisipokubandika?"

"Usiponibandika wewe, siendi."

Akaendelea kufuta sahani ile ile, na ilishakauka zamani. Mimi nikacheka, nikamwambia tutaona, na tangu hapo hatujaligusa.

Huyu mtu hana kingine Shangazi, kazi ndio mkewe wa kwanza, hata juzi nilimwona anakula mkate wake wa mchana ndani ya gari nyuma ya maghala ya mahindi, peke yake, nikapiga honi wala hakusikia. Nikikataa nimemvunja, nikikubali nakwenda kuwa bubu kwenye mji ambao hata mbwa wa jirani simjui. Na Marlys siwezi kumweleza, maana akijua beji inarudi ile Jumanne yangu atai... ngoja ananiita, "Renae! Renae, njoo upesi uone, kulungu wameingia kwenye maharage, njoo kabla hawajakimbia!" nakwenda

SHANGAZI ANAJIBU

Renae, pole, halafu nisikilize, maana Ijumaa ni keshokutwa.

Mdomo wako umezunguka kaunti nzima na habari za kila mtu, halafu habari moja, ya kwako mwenyewe, hujampa mwanamume unayelala naye kitanda kimoja. "Tutaona" ni kitu gani? Hilo ni jibu la kumpa muuza bima.

Umeniambia Curt kala peke yake nyuma ya maghala, ukapita kama unanisimulia kituko. Na Marlys wake yeye ni nani? Beji hizo zimewafukuzia marafiki nyinyi wawili, si wewe peke yako. Na mwanamume aliyekwisha amua hafuti sahani kavu, wala hasemi "usiponibandika siendi." Huyo anakuomba umwambie neno, nawe umemchekea.

Ijumaa usimbandike kabla hujasema. Na usingoje mbele ya meya na wapiga picha, huko ni kumwaibisha mtu. Leo hii mkiosha vyombo, mnyang'anye kile kitambaa. Mwambie, "Curt, nimekuwa mpweke tangu ulipokuwa sajini." Kisha nyamaza. Najua ni kazi ngumu kwako, nyamaza hivyo hivyo, mpaka yeye aseme. Akiisha kusikia akasema bado anaitaka Brandvold, kambandike kwa moyo mmoja, ila gari la polisi lilale kituoni, na yeye mwenyewe, kwa sauti yake, ampigie Lyle amkaribishe sikukuu.

Jumanne nenda kwa Marlys, beji iwepo isiwepo, na umweleze ukweli. Akikurudisha kwenye habari za theluji, chukua bakuli lako uondoke, utakuwa umejua ulikuwa unacheza karata na nani.

Barua nzima umelia kwamba hakuna anayekuita. Kwenye mstari wa mwisho kuna mtu kakuita jina mara mbili, hataki kuwaona kulungu peke yake. Mwambie yeye.